Nani Alimudu Kupimwa?

Leo nataka turudi nyuma kidogo, tuizungumzie korona. Najua wengi wameichoka hata kuisikia. Lakini liko jambo ambalo hatukulizungumza vya kutosha wakati ule, kwa kuwa hofu ilikuwa imetukaa kooni, na tukilinyamazia litatukuta tena. Nalo ni hili: maradhi yalihusiana vipi na mfuko wa mtu, na kipimo kilihusiana vipi na shule aliyosoma?

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tangu siku hiyo, alasiri baada ya alasiri, tulikaa tukisubiri hesabu ya Wizara ya Afya: waliopimwa kadhaa, waliopatikana na virusi kadhaa, waliofariki kadhaa. Tukazichukua namba zile kuwa ndiyo picha ya ugonjwa wenyewe. Mtaa uliotajwa tukauogopa, mtaa usiotajwa tukadhani uko salama. Kumbe kabla ya kutuambia nani mgonjwa, namba zile zilikuwa zikituambia nani amepimwa. Na kupimwa, ndugu zangu, hakukuwa kwa kila mtu. Kulikuwa na gharama, na gharama yenyewe haikuwa ya maabara peke yake.

Tuanzie hapa hapa Ganjoni, kisiwani Mombasa. Huu ni mtaa unaokusanya watu wa kila hali mahali padogo. Yapo majengo ya ghorofa wanamokaa makarani, walimu, mawakala wa forodha na wafanyakazi wa bandarini. Upande wa Shimanzi yapo matangi ya mafuta na maghala, upande wa Mbaraki na Liwatoni ipo bahari, na barabara ya Likoni inapita hapo hapo ikiwapeleka watu kwenye feri. Sasa tuwachukue watu wawili kwa mfano, wote wa jengo moja. Ghorofa ya tatu anakaa wakala wa forodha aliyesoma hadi chuo kikuu. Langoni yuko soja aliyeishia darasa la nane, na makao yake ni Likoni, ng'ambo ya kivuko.

Mwezi ule wa Machi, ofisi ziliposema watu wafanyie kazi nyumbani, wakala alifungua kompyuta sebuleni. Nyaraka za mizigo zinajazwa mtandaoni, mshahara unaingia benki, mchele na unga wa mwezi mzima umeshawekwa jikoni. Soja hawezi kulinda lango kwa simu. Kila alfajiri anapanda matatu hadi feri, anasimama bega kwa bega na mamia ya watu, anavuka, anakwea ule mlima wa kutoka kivukoni hadi mtaani. Akifika, yeye ndiye anayempokea kila mgeni, kila mfuko wa sokoni, kila mtungi wa gesi na kila dumu la maji, ili wenye nyumba wasilazimike kushuka. Mmoja alijikinga kwa kukaa ndani, na kukaa kwake ndani kulimhitaji mwenziwe aendelee kutoka nje.

Wengi husema aliyesoma alijikinga kwa sababu alijua zaidi. Mimi nasema hapo tuangalie vizuri. Soja yule alijua. Redio ilimwambia, msikiti ulimwambia, mabango yalimwambia. Yeye ndiye aliyewekewa lile dumu la maji lenye bomba na kipande cha sabuni pale langoni, akawa kila anayeingia anamwambia, "Nawa mikono, mama," "Vaa barakoa, mzee." Hakupungukiwa na maarifa ya virusi. Alichopungukiwa ni cheti, na cheti ndicho kilichoamua nani kazi yake inafanyika akiwa amekaa kwake na nani kazi yake inafanyika katikati ya watu. Elimu ilikinga, ndiyo, lakini ilikinga zaidi kupitia aina ya kazi iliyompa mtu kuliko kupitia masomo ya afya aliyoyapata. Tusipolielewa hilo, tutaendelea kuwahubiria watu usafi wa mikono huku tatizo lao ni usafiri na mkate wa siku.

Mnakumbuka Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu. Amri ilisema watu wawe majumbani kuanzia saa moja jioni. Pale kivukoni Likoni, upande huu wa kisiwani, watu waliotoka kazini walikuwa wamejazana wakingoja feri. Kabla hata saa haijatimia, polisi waliwarushia vitoza machozi na kuwapiga kwa virungu. Watu wakalazwa chini, mmoja juu ya mwenzake, wakikohoa na kufuta macho kwa mikono ile ile tuliyoambiwa tusiguse nayo uso. Siku chache baadaye, tarehe 1 Aprili, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa nguvu zilizotumika. Lakini tujiulize, nani alikuwa kwenye foleni ile? Mama fua, fundi wa mkono, kibarua wa ghala, muuzaji wa duka, soja wa zamu ya mchana. Mwenye gari lake na kazi ya mezani hakuwapo. Tangu siku ya kwanza, amri ya kuzuia maambukizi ilimwangukia yule asiye na nafasi ya kuitii.

Sasa tuje kwenye kipimo. Kupimwa kwenyewe kulikuwa jambo la dakika chache: pamba ndefu inaingizwa puani hadi macho yanatoka machozi, unaandikwa jina, namba ya simu na mahali unapokaa, kisha unaambiwa usubiri. Kwa sisi wa Pwani sampuli nyingi zilipelekwa Kilifi, kwenye maabara ya utafiti ya KEMRI na Wellcome Trust. Mwenye uwezo aliweza pia kwenda maabara ya kibinafsi, akalipa maelfu ya shilingi, akapata jibu lake kwa siri kwenye simu.

Mzigo ulikuwa baada ya jibu. Majuma yale ya mwanzo, aliyepelekwa karantini ya serikali alitakiwa kujilipia, na bei iliyokuwa ikitajwa ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku. Karantini ilikuwa siku 14. Zidisha mwenyewe: shilingi 28,000. Sasa linganisha na mshahara. Kima cha chini cha kisheria kwa kibarua wa kawaida katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kilikuwa shilingi 13,572 na senti 90 kwa mwezi, kima kilichowekwa mwaka 2018. Maana yake, karantini ya majuma mawili ilizidi mshahara wa miezi miwili wa mtu anayelipwa kwa mujibu wa sheria. Na sote tunajua wangapi mjini hapa wanalipwa chini ya hapo. Tena kwa muda ule wa siku 14 hafanyi kazi. Kibarua wa siku hana likizo ya ugonjwa, asipofika leo, kesho nafasi yake ina mwengine.

Juu ya hayo, watu waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walikuwa wakipelekwa karantini hiyo hiyo. Hapo, wasikilizaji, tiba ilivikwa nguo za jela. Mtu akiona gari la wagonjwa limeingia mtaani na watu waliovaa mavazi meupe kutoka kichwani hadi miguuni, hakuona wauguzi waliokuja kumsaidia jirani yake. Aliona jirani anachukuliwa. Ni nani mwenye kazi ya kijungujiko, mwenye watoto wanne nyumbani, atakayekwenda kwa hiari yake kuomba kuchukuliwa?

Ndipo tukafika kwenye Mji wa Kale. Tarehe 6 Mei 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba Mji wa Kale hapa Mombasa na Eastleigh kule Nairobi ifungwe, mtu asiingie wala asitoke. Ilikuwa siku 15, kisha ikasogezwa hadi tarehe 6 Juni. Kumbukeni ilikuwa Ramadhani. Mji wa Kale wakati wa Ramadhani ndipo familia nyingi zinapochuma: mama anakaanga viazi vya karai na kaimati, mwengine anapika mkate wa sinia na vibibi, kijana anauza maji ya matunda na tende kandokando ya njia za Kibokoni baada ya alasiri. Pato la mwezi ule hulipia nguo za Idi, karo na kodi iliyolimbikizana. Mwaka ule vyote vilisimama. Msikiti umefungwa, soko limefungwa, na polisi wako kwenye vizuizi.

Wapimaji walipoingia mtaani, waliojitokeza walikuwa wachache. Lawama zikaanza. Wakaambiwa wakaidi, wajinga, hawakusoma, hawajali wenzao. Kukatajwa hata kuwalazimisha. Na methali ile ikarudiwa kila mahali, kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Methali ni ya kweli, na wazee waliotuachia walijua walisemalo. Lakini mimi nawaambia watu wale hawakuwa wakificha maradhi. Walikuwa wakiilinda nyumba isilale na njaa. Walikuwa wakimlinda bibi yao mzee asichukuliwe akafia ugenini, na maiti yake isioshwe na kukafiniwa kama dini inavyotaka. Mji wa Kale hauna upungufu wa wasomi. Ni mtaa wa walimu, masheikh na familia zilizosoma vizazi kwa vizazi. Walikuwa wakipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi: jibu la "huna" halikuwapa kitu, jibu la "unayo" lingewanyang'anya kila kitu.

Serikali yenyewe ilikuja kuliona hilo. Ni siku ile ile ya tarehe 6 Mei ilipotangazwa kwamba gharama za karantini kwenye vituo vya umma zitabebwa na serikali. Ulikuwa uamuzi mzuri, na nausifu. Lakini ulikuja baada ya majuma ya watu kudaiwa, na imani ni kitu kinachovunjika kwa siku moja kikajengwa kwa mwaka.

Je, tuna ushahidi kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi kuliko kipimo? Tunao, na ulitoka hapa hapa Pwani. Watafiti wa Kilifi, wakiongozwa na Sophie Uyoga, walichukua damu ya wachangiaji zaidi ya 3,000 kutoka sehemu mbalimbali za nchi, iliyotolewa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Wakatafuta ndani yake alama ambazo mwili huziacha baada ya kupambana na virusi. Kwa nchi nzima, kiasi cha watu 4 katika kila 100 walikuwa wameshaambukizwa. Mombasa walikuwa 8 katika kila 100, juu kuliko Nairobi. Sasa lisikilizeni hili. Hadi tarehe 31 Mei, Wizara ilikuwa imehesabu wagonjwa 2,093 nchini kote. Ukichukua ile 4 kwa 100 ukaitia kwenye mamilioni ya Wakenya wa umri wa kufanya kazi, unapita milioni moja. Watu wale walikuwa wapi kwenye taarifa ya alasiri? Hawakuwamo. Waliugua, wengine bila hata dalili, wakapona au wakafariki, na daftari halikuwajua.

Mwaka 2021 kikatoka kitu kingine kinachotuhusu moja kwa moja. Watafiti hao wa Kilifi na wenzao walitaka kufahamu kwa nini Kenya ilipata wimbi la kwanza katikati ya mwaka 2020, likashuka, kisha likaja la pili Oktoba na Novemba kabla hata ya virusi vipya kuingia. Maelezo waliyoyachapisha katika jarida la Science yanafanana na ule mfano wetu wa jengo la Ganjoni. Wimbi la kwanza, walisema, lilipita zaidi kwa watu wa mijini wenye kipato cha chini, wale ambao hawakuweza kupunguza kutoka. Wimbi la pili likawapata zaidi wenye uwezo, waliokuwa wamejifungia mwanzo, baada ya masharti kulegezwa na watu kuanza kukutana tena. Pesa haikuwa kinga ya kudumu. Ilinunua muda, na muda katika maambukizi ni mali kubwa, kwa sababu kufikia Oktoba madaktari walikuwa wamejua mengi kuhusu kumtibu mgonjwa ambayo hawakuyajua mwezi wa Mei. Soja aliugua wakati wa giza, wakala akaugua wakati wenye mwanga kidogo.

Msidhani ni sisi peke yetu. Mumbai, India, damu ilipopimwa Julai 2020, zaidi ya nusu ya wakazi wa mitaa ya mabanda walikuwa wameshaambukizwa, ilhali kwenye mitaa mingine ya jiji hilo hilo ilikuwa kama 16 katika kila 100. Santiago, mji mkuu wa Chile, mitaa maskini ilipimwa kidogo na ikazika zaidi. Na Liverpool, Uingereza, Novemba 2020 walifungua vituo vya kumpima kila mtu bure, hata asiye na dalili. Bure kabisa. Na bado mitaa maskini ndiyo iliyojitokeza kidogo, wakati ndiyo iliyokuwa na maambukizi zaidi. Wakazi walipoulizwa, moja ya sababu ilikuwa hofu ya kuambiwa ukae nyumbani bila kipato cha kutosha. Mtu wa Liverpool na mtu wa Kibokoni hawajawahi kuonana, lakini wamepiga hesabu moja.

Yupo atakayesema dawa ni kuwaelimisha watu. Sikatai elimu, na kazi yangu hii ni sehemu ya elimu hiyo. Ila elimu inayomwambia mtu afanye asichokiweza inamwongezea aibu tu. Juni 2020 serikali ilitoa mwongozo wa kuwauguza nyumbani wagonjwa wasio na dalili kali. Mwongozo wenyewe ulitaka mgonjwa awe na chumba chake chenye hewa, na ikiwezekana choo chake. Kwa wakala wa ghorofa ya tatu, sawa, anaingia chumba cha wageni. Kwa soja wa Likoni, anayeishi kwenye nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba sita, kila chumba familia, choo na bafu viko uani vya watu wote, chumba hicho atakitoa wapi? Umemwelimisha, ameelewa, na bado hana pa kujitenga.

Dawa ni kubadilisha mazingira ya uamuzi wake. Na mfano mzuri tulishauona kwa macho yetu. Serikali ilipochoka kuwaambia watu wa Likoni wasisongamane feri, ilijenga daraja la kuelea la waenda kwa miguu kutoka Liwatoni, hapa Ganjoni, hadi Ras Bofu upande wa pili. Mwanzoni mwa 2021 watu wakaanza kuvuka wakitembea kwa nafasi, upepo wa bahari ukiwapiga. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kuhusu mita moja na nusu. Alipewa njia, akaitumia. Vivyo hivyo mtu akipewa njia ya kupimwa isiyomfilisi, atakwenda.

Nalisema hili leo kwa sababu maradhi hayajatuaga. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa wa mpox nchini Kenya aligunduliwa mpakani Taveta, na Mombasa yetu ikawa miongoni mwa kaunti zilizopata wagonjwa. Aliyeshikwa na mpox hutakiwa kujitenga hadi vidonda vikauke na ngozi mpya iote, na hayo huchukua majuma mawili hadi manne. Kwa dereva wa lori au mama wa kibanda, majuma manne bila kazi ni kodi ya mwezi mzima. Tangu Oktoba 2024 tuna bima mpya ya afya ya jamii, ambayo asiye na ajira rasmi huchangia angalau shilingi 300 kwa mwezi. Bima hiyo inalenga kulipia matibabu. Riziki inayopotea mtu akiwa amejitenga hailipi.

Kwa hiyo naona mambo matatu yanapaswa kuwekwa kwenye sheria na bajeti kabla maradhi mengine hayajabisha hodi bandarini. La kwanza, anayepimwa kwa sababu ya mlipuko wa ugonjwa asilipe hata shilingi, iwe kipimo, karantini au gari la kumpeleka. La pili, anayeambiwa ajitenge alipwe kwa siku zile, pesa iingie kwenye simu yake siku ile ile anapopewa jibu, na chakula kifike mlangoni. Nchi inayojua kutuma pesa kwa M-Pesa hadi kijiji cha mwisho haina udhuru. La tatu, wanaokuja kubisha hodi wawe wale tunaowajua: wahudumu wa afya wa jamii, imamu, mchungaji, mzee wa mtaa. Polisi wabaki na kazi zao.

Mwaka 2027 wagombea watakuja kwetu kuomba kura, kuanzia wa wadi hadi wa taifa. Watatuahidi barabara na mataa, na ni haki yetu kuyapata. Lakini mkazi wa Ganjoni, mkazi wa Mji wa Kale, muulize kila atakayepanda jukwaani swali hili moja, na usikubali jibu la kuzunguka: siku serikali itakaponiambia nikae ndani siku 14 ili jirani yangu asiugue, nani atawalisha watoto wangu?